Ukuta Unaotazama Barabara

Merle Haugstad hakuiomba kazi ya kusimamia kanuni za ujenzi katika mji wa Ostby. Alikuwa ameendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu mwezi wa Juni, na kufikia Agosti mkewe, Verna, alikuwa amechoka kumkuta jikoni kila saa akiuliza kwa nini vikombe vinakaa kabati la kushoto ilhali birika la kahawa liko kulia. Jumapili moja Verna alirudi kutoka kanisani na habari kwamba halmashauri ya mji inatafuta mtu wa kufanya kazi siku mbili kwa wiki. Hakumuuliza mumewe kama anaitaka. Alimwambia tu kwamba anaanza kesho.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ostby ni mji wa watu mia saba kando ya ziwa, huko kaskazini mwa Wisconsin, na watu wake hujenga mara chache, tena kwa kusitasita. Merle alipewa meza kwenye kona ya jengo la zimamoto, utepe wa kupimia, na kitabu cha kanuni chenye kurasa arobaini na tatu zilizopigwa taipu. Kwa miaka mitatu alipima nyua na vibanda vya mbwa, na akaletewa ugomvi mmoja tu, wa choo cha bustanini, ambao ulikwisha wenyewe choo kilipoangushwa na upepo. Hilo lilimfurahisha sana, kwa sababu Merle hakuwa mtu wa ugomvi. Ukimpandishia sauti alikuwa anakubaliana nawe hapo hapo, kisha anakwenda nyumbani kuumwa tumbo.

Ndipo akaja Arlys Kvamme.

Arlys alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mfupi, mwenye vidole vya mtu aliyechimba minyoo maisha yake yote, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yake: chambo, ndoana na kahawa, kwenye duka dogo karibu na daraja. Majira ya baridi yaliyotangulia, theluji ilikuwa imeliangusha paa la ghala la boti la mji wa jirani, na wale wenye nyumba za kiangazi, wanaokuja Juni na kuondoka Septemba, wakawa hawana pa kuziweka boti zao. Arlys akawaambia wasihangaike. Kabla ziwa halijaanza kuganda, boti thelathini na nane zitakuwa chini ya paa lake. Akaagiza ghala la bati la kuunganisha, likaja kwa malori mawili, pamoja na kijitabu cha maelekezo na mfuko wa skrubu mzito kama ndama.

Alipofika ofisini kuomba kibali, Merle alikifungua kitabu na kumsomea kifungu cha kumi na nne, polepole, kama alivyozoea kuwasomea watoto masharti ya basi. Ukuta wowote wa ghala la biashara unaotazama barabara ya umma uwe wa mawe, matofali au mbao. Bati lisitazame barabara.

Arlys alimwomba akisome tena. Akakisoma tena.

"Kutazama ni nini, Merle?"

"Ni kuelekea. Kugeukia."

"Kwa hiyo ukuta ukiigeukia barabara, bati hapana."

"Hapana."

"Na usipoigeukia?"

Merle alifikiri kidogo, akaona hakuna ubaya kulijibu swali hilo. "Usipoigeukia, ruhusa."

Arlys alishukuru kwa adabu, akachukua kibali cha kumwaga sakafu, akaondoka. Merle alikula chakula chake cha mchana kwa amani, asijue kwamba ameukabidhi mpini na makali kayashika yeye.

Baada ya wiki mbili alikwenda kuikagua sakafu, akakuta zege limekauka vizuri, usawa wake safi, vipimo vyake sawasawa na kwenye mchoro. Tatizo ni kwamba lilikuwa limekaa mshazari. Majengo yote ya Ostby yanaipa barabara kifua. Hili liliipa kona, kama mtu aliyekaa upande kwenye kiti ili asimsalimie jirani.

"Hiyo ni pua," Arlys alimweleza, akiionyesha kona. "Kinachoitazama barabara ni pua. Na pua si ukuta."

Merle alirudi hadi barabarani, akasimama katikati ya mstari wa njano, akaangalia. Akarudi. "Arlys, kuta zikisimama, mimi nikiwa pale nitaziona mbili."

"Wewe utaziona. Je, zenyewe zitakuona?"

Merle alichomoa kalamu. Akaandika kwenye daftari lake neno moja, "Mshazari", akalipigia mstari mara mbili, akaenda nyumbani.

Jioni ile hakula vizuri. Alikiweka kiti chake cha jikoni upande upande, akaketi kama lilivyokaa zege la Arlys, akamuuliza Verna, aliyekuwa anamenya viazi, kama kwa maoni yake yeye, Merle, anamtazama au hamtazami. Verna hakuinua macho. Alimwambia kwamba kwa maoni yake hajatazamwa tangu mtoto wao wa mwisho aolewe, na kama sasa imefikia hatua ya kupima kwa viti, basi wamepiga hatua. Merle akakirudisha kiti mahali pake.

Habari zilimfikia Royce Amdahl kabla ya mwisho wa wiki. Royce alikuwa mwenyekiti wa halmashauri, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuamsha maiti, na alikuwa pia na yadi ya kuuzia mawe na matofali nje kidogo ya mji. Nyumba yake ilikuwa upande ule ule wa barabara na kiwanja cha Arlys, mwendo wa dakika tatu kwenda kusini, juu ya kilima kidogo. Aliitisha mkutano kwenye jengo la zimamoto, magari ya zimamoto yakatolewa nje ili viti vienee, na kabla mtu hajasema lolote alitangaza kwamba yeye binafsi hana maslahi yoyote katika jambo la mawe. Watu kadhaa wakashikwa na kikohozi.

Mkutano ulichukua saa mbili na nusu. Mwalimu wa hesabu mstaafu alileta kipimapembe cha mbao, kile kikubwa cha ubaoni, akadai kwamba chini ya digrii arobaini na tano ni kutazama na juu yake ni kupuuza. Tabu ni kwamba ghala la Arlys lilikuwa arobaini na tano kamili. Mwingine akauliza kuhusu kanisa la Kilutheri, ambalo mlango wake uko nyuma: je, linaitazama barabara au limeipa mgongo? Mchungaji, aliyekuja kwa ajili ya kahawa tu, akaombwa atoe msimamo, akasema kanisa linawatazama watu wote. Haikusaidia.

Arlys alikaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, akasikiliza yote bila kukunja uso. Alipopewa nafasi alisema sentensi moja: kwamba alimuuliza ofisa wa mji maana ya kutazama, ofisa akamjibu, naye akajenga kulingana na jibu. Vichwa vyote vikamgeukia Merle. Merle akakitazama kiatu chake.

"Mimi sina shida na mtu," Royce alisema, "lakini maneno ni maneno. Kitabu kimesema barabara. Hatutaanza hapa kupekua nia za watu, eti aliyeandika alikuwa anamaanisha hiki, alikuwa anamaanisha kile. Tunasoma kilichoandikwa, basi. Ukisimama barabarani ukaliona bati, bati linakutazama."

Mwishowe ikaamuliwa kwamba Merle atoe tafsiri kwa maandishi katika muda wa wiki mbili. Arlys aliuliza kama anaweza kuendelea kujenga. Akajibiwa kwamba anaweza, ila uamuzi ukimgeukia atazivua kuta hizo mwenyewe. Alisema sawa, na kesho yake asubuhi nyundo zikaanza.

Merle alikaa na kitabu cha kanuni siku nne. Alitafuta neno "kutazama" kurasa zote arobaini na tatu, akalipata mahali pengine pamoja tu, kwenye kifungu cha mbwa. Siku ya tano aliona kitu ambacho hakuwahi kukitilia maanani: chini ya kifungu cha kumi na nne, kwa herufi ndogo, palikuwa na tarehe ya mwaka 1986 na jina la karani aliyekiandika, Palmer Gjerde. Alimpigia simu Verna kumuuliza kama Palmer bado yu hai. Verna akasema yu hai, ana miaka tisini na mmoja, yuko kwenye nyumba ya wazee, na hucheza karata kwa kuiba.

Merle alimkuta Palmer ukumbini, blanketi magotini, akichanganya karata kwa vidole vilivyokuwa bado vyepesi. Alimweleza kisa chote, tangu zege hadi kipimapembe, akamsomea kifungu, kisha akamuuliza kwa heshima alikusudia nini alipoandika kwamba bati lisitazame barabara.

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na muuguzi akaja kuangalia.

Ilikuwa hivi. Mwaka huo shemeji yake, Lyle, alijenga stoo ya bati ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Palmer. Bati jipya, jeupe kama kioo. Kila asubuhi, Palmer akikaa kunywa kahawa, jua lilipiga kwenye bati la Lyle likavuka barabara na kumwingia machoni. Alimwomba Lyle alipake rangi. Lyle akamwambia anunue pazia. Palmer ndiye aliyekuwa karani wa mji, na taipu ilikuwa mezani kwake.

"Sasa ningeandika nini, mwanangu?" alisema. "Ningeandika bati lisitazame jiko la Palmer? Nikaandika barabara. Barabara ilikuwa katikati."

"Kwa hiyo kutazama ni..."

"Ni kunimulika. Basi. Lyle alipigilia mbao mwaka huo huo, na hatukusemezana hadi alipozikwa. Ulikuwa mwaka mtamu sana. Unacheza karata?"

Merle alicheza, akafungwa mara tatu, akarudi Ostby akiwa na hisia ambayo hakuijua, kama vile mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta chumba kizima ambacho hajawahi kuingia. Kwa miaka mitatu alikuwa amekichukulia kitabu kile kama kilishuka kutoka mlimani. Kumbe kiliandikwa na mtu aliyekuwa na jua machoni.

Aliandika barua kwa halmashauri, fupi. Kwa tafsiri ya ofisi yake, ukuta wa bati unaitazama barabara pale unaporudisha mwanga wa jua kwenye barabara hiyo na kuwasumbua waliopo. Jambo hilo haliamuliwi kwa mabishano bali kwa macho. Kwa hiyo halmashauri inaombwa kufika mbele ya ghala la Bibi Kvamme Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kama hakuna mawingu, na kuangalia.

Royce aliipenda barua ile. Kuta za Arlys zilikuwa zimekamilika Alhamisi, mpya kabisa, zikimetameta hata kwenye kivuli. Aliwaambia watu dukani kwamba siku hiyo waje na miwani.

Ijumaa ilikuwa na mawingu tangu asubuhi hadi jioni. Jumamosi kukapambazuka kweupe, mbingu kama imeoshwa. Karibu nusu ya mji ilikuja. Walipanga viti vya kukunja ukingoni mwa barabara, migongo kwa ziwa, nyuso kwa ghala, na kina mama wa kanisa wakaleta kahawa na maandazi ya sukari. Royce alikaa katikati, mikono kifuani, miwani myeusi usoni. Arlys alisimama kando ya kona ya ghala lake, kiganja juu ya bati. Merle aliwaza boti thelathini na nane, akawaza huyu mama anavua mabati na baridi inaingia.

Jua lilipanda juu ya ziwa nyuma yao. Likavipita visogo vyao, likavuka barabara, likaufikia ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia wa ile pua. Watu wakangoja.

Hakuna kilichotokea. Mabati yalikuwa pale, ya kijivu, yametulia kama maji ya kisima. Dakika tano zikapita, kumi, robo saa. Royce alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alisimama, akatembea hatua ishirini kaskazini, hatua arobaini kusini, akachuchumaa, akainuka. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyepata kusema kwamba bila shaka, pembe ikiwa arobaini na tano, mwanga unaotoka mashariki hauwezi kurudi mashariki; lazima uende kwingine.

"Wapi?" mtu aliuliza.

Jibu lilikuja kwa miguu. Kutoka kilimani upande wa kusini alikuwa anashuka Corinne, mke wa Royce, na joho la kulalia, na buti za mpira, na miwani ya kuchomelea vyuma, ile nyeusi ya mviringo, na mkononi ameshika mwiko. Watu wakampisha hadi akafika mbele ya mumewe.

"Royce," alisema, "kuna kitu kimeingia jikoni kwangu."

Alieleza kwamba alikuwa anapika chapati za maji kama kila Jumamosi, mara dirisha likawaka. Hakuiona sufuria wala jiko. Zimeungua tano, na paka amejificha chini ya kitanda na hataki kutoka. Alidhani ni mwisho wa dunia, akatoka nje kuupokea, ndipo akaona unatokea kwenye ghala la Arlys.

Wote wakageuka kuutazama ukuta wa kusini mashariki, ambao ulikuwa umetulia kwao wote na kumuunguzia mtu mmoja chapati.

Royce akawa mwekundu kuanzia shingoni. Alisema mambo yamekwisha, kanuni imevunjwa waziwazi, na ofisa aandike hivyo sasa hivi.

Merle alisikia sauti ile, na kwa mazoea kichwa chake kikaanza kuinama kukubali. Kisha, yeye mwenyewe hakujua ni kwa nini, kikasimama njiani. Alikifungua kitabu.

"Kimesema barabara, mwenyekiti," alisema.

"Najua kimesema barabara!"

"Jiko hakikulitaja."

"Merle, mtu yeyote mwenye akili anaelewa maana yake. Kwani aliyeandika alitaka kulinda lami isiungue? Alitaka kulinda watu! Majumbani mwao! Lazima tuangalie nia ya..." Hapo Royce akasikia anachosema, akakoma. Kikohozi kile cha mkutanoni kikaanza tena, safari hii viti vyote.

Merle hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alisema, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika, kwamba uamuzi wake ni huu: ghala la Bibi Kvamme haliitazami barabara, na kibali kinatolewa. Kuhusu jiko la mwenyekiti, mji hauna kanuni. Hilo ni la majirani kwa majirani.

Arlys alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Alipumua, akajifuta uso, kisha akamwendea Corinne na kumshika mkono. Alisema hakuwa na habari, na kwamba hawezi kumuunguzia mwenzake chapati kila Jumamosi. Hana neno kuhusu kuufunika ukuta ule, ila mabati yamemaliza fedha zake zote, na mawe hayafai, ukingo wa zege haukumwagwa kwa uzito huo. Ingekuwa mbao.

"Zitapatikana mbao," Corinne alijibu, huku miwani yake ikimwelekea mumewe.

Zikapatikana. Kwa kuwa Royce alikuwa hauzi mbao, ilimbidi aende kuzinunua kwa mshindani wake wa miaka ishirini, mji wa tatu kutoka hapo, ambaye, inasemekana, alimpakilia mwenyewe na kumwimbia. Siku tatu Royce alipigilia, juu ya ngazi, na mkewe dirishani kilimani akimpungia taulo: juu, chini, kushoto, bado, bado. Siku ya pili Arlys alianza kumpelekea supu. Siku ya tatu walionekana wamekaa wote wawili kwenye ngazi ya chini wakibishana kuhusu samaki, na Royce akamwambia, kwa sauti iliyosikika hadi darajani, kwamba ghala lenyewe si baya, limejengwa vizuri, ila limekaa kama limenuna.

Boti ziliingia wiki ya pili ya Oktoba, moja baada ya nyingine, zimefungwa maturubai, na Merle alisimama mlangoni na utepe wake kuhakikisha njia ya watu inabaki wazi kama inavyotakiwa. Boti ya thelathini na nane ilikosa nafasi kwa inchi nne. Wakazisukuma nyingine, wakavuta pumzi, wakaiingiza. Arlys aliufunga mlango, akamshukuru, akamwambia kwamba mtu wa kwanza kumweleza ukweli katika jengo la zimamoto alikuwa yeye, hata kama ukweli wenyewe alikuwa haujui bado.

Jumatatu iliyofuata alikuja ofisini bwana mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, ameshika kofia mkononi, mwenye aibu kidogo. Alitaka kujua kama basi lililoondolewa magurudumu, likawekwa juu ya matofali, likafugiwa kuku, linahesabika kuwa jengo. Siku nyingine Merle angemwambia arudi wiki ijayo. Sasa alimvutia kiti, akammiminia kahawa, akamuuliza basi lenyewe ni la mwaka gani, na kuku wanaingilia mlango upi.